Kubeba maji ya akiba kwa trela: mwongozo kwa wanaokwenda porini kutoka Lubumbashi

Anayetoka Lubumbashi na trela nyuma ya gari, akielekea uwanda wa juu wa Kundelungu, bonde la Lufira au mashamba ya upande wa Kasenga, huvuka mito mingi njiani, na kwa sababu hiyo wengi hupanga nyama, makala (makaa ya kupikia) na hema kwa uangalifu mkubwa, kisha suala la maji wakaliachia mto wa kwanza watakaoukuta. Mwongozo huu unashauri kinyume chake. Katika Katanga, maji yote ya kunywa na kupikia yatoke nyumbani, pamoja na akiba yake, na mto ubaki kuwa wa kufulia na kuoshea magurudumu.

Sababu ya kwanza inajulikana na kila mtu: kipindupindu hakijawahi kuondoka moja kwa moja katika maeneo ya maziwa na mito ya kusini-mashariki mwa Kongo, na kichocho kipo kwenye maji yaliyotuama. Vijidudu hivyo vina dawa, yaani moto na klorini. Sababu ya pili haina dawa ya jikoni. Nchi hii ni ya shaba na kobalti, na mito kadhaa, kama vile Kafubu karibu na mji wetu na ile inayotoka Likasi kuingia ziwa Tshangalele, imepokea maji ya viwanda vya madini kwa miaka mingi. Kuchemsha hakuondoi metali. Kinyume chake, kadiri mvuke unavyotoka ndivyo metali inavyozidi kukolea katika maji yaliyobaki sufuriani. Klorini nayo haiigusi, wala kichujio cha kauri cha kawaida hakiizuii. Tena macho hayasaidii, kwa kuwa maji yenye asidi mara nyingi huwa maangavu kupita kiasi, hata mgeni akayaona kuwa ndiyo safi kuliko yote.

Jambo la tatu ni majira. Kijito kilichokuwa kikivuma mwezi wa Mei kinaweza kuwa madimbwi mwezi wa Septemba, na hata maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka kutoka urefu wa zaidi ya mita 300 ndani ya Hifadhi ya Kundelungu, hupungua sana kiangazi kinapokaribia kwisha. Yeyote anayepanga safari ya Septemba kwa kumbukumbu ya safari ya Mei atapanga vibaya.

Hatua ya kwanza: kupiga hesabu ya lita

Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada wakati wa dharura, vinaweka mahitaji ya msingi ya mtu mmoja kati ya lita 7.5 na 15 kwa siku, na ndani yake lita 2.5 hadi 3 ni za kunywa na zile zinazoingia katika chakula. Anayekwenda porini kwa hiari yake anaweza kuishi vizuri kati ya mipaka hiyo. Ninapendekeza lita 11 kwa mtu kwa siku: 3 za kunywa, 3 za kupika, 2 za vyombo na 3 za kunawa na kujimwagia maji kidogo jioni. Mwezi wa Juni na Julai, ambapo usiku wa uwanda wa juu ni baridi kiasi cha kutafuta koti zito, lita 3 za kunywa zinatosha na huenda zikabaki. Septemba na Oktoba joto linapopanda, zihesabiwe 4, na 5 kwa anayefanya kazi ya mikono au kupanda milima mchana.

Chukua mfano wa watu wanne wanaolala siku tatu, safari inayogusa siku nne. Watu 4 mara siku 4 mara lita 11 ni lita 176. Ongeza akiba ya siku moja nzima, yaani lita 44, kwa sababu gari linaweza kukwama, daraja la miti linaweza kuvunjika na bidoni (dumu la plastiki) inaweza kutoboka. Jumla ni lita 220, ambazo ni bidoni 11 za lita 20. Ongeza bidoni ndogo moja ya rejeta ya gari, iliyoandikwa kwa rangi, ambayo hata kiu iwe kali namna gani haihesabiwi kuwa maji ya watu.

Sasa geuza lita kuwa kilo kabla ya kufurahi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na bidoni tupu ya lita 20 ina kilo moja hivi, kwa hiyo bidoni 11 zilizojaa ni takriban kilo 231. Trela ndogo ya ekseli moja isiyo na breki zake, ikiwa imeundwa kwa kanuni za Ulaya, haipaswi kuzidi kilo 750 pamoja na uzito wake yenyewe. Ikiwa chuma chake peke yake kina kilo 250, zinabaki 500, na ukitoa maji zinabaki 269 kwa hema, makala, vyombo, magodoro na kreti za vinywaji ambazo hakuna anayependa kuzihesabu. Trela zilizochomelewa mtaani hazina kibao cha uzito. Hizo zipimwe kwa kuangalia uwezo wa ekseli, springi na matairi, na fundi aliyeziunda aulizwe bila haya.

Hatua ya pili: kuchagua vyombo

Kati ya tangi moja kubwa na bidoni nyingi ndogo, ninachagua bidoni bila kusita, isipokuwa kwa kundi la watu zaidi ya kumi. Bidoni ikitoboka, lita 20 zimepotea na nyingine ziko salama. Maji yakichafuka katika chombo kimoja, kile kingine hakijaguswa. Mtu mzima mmoja anaweza kubeba bidoni hadi jikoni, na mbili zinaweza kupanda pikipiki kurudi kijijini kutafuta maji mengine. Tangi la lita 200 lenye kasoro katika robine yake (bomba lake la kufungulia maji) linaweza kumwaga yote usiku mmoja watu wakiwa wamelala.

Bidoni nzuri ni ya plastiki ngumu ya polietileni, ambayo chini yake ina pembetatu yenye namba 2, na nzuri zaidi ni ile yenye alama ya bilauri na uma inayoonyesha kwamba iliundwa kwa ajili ya chakula. Bidoni za manjano zilizokuja na mafuta ya kupikia zimejaa sokoni na zinafaa, mradi zioshwe kama itakavyoelezwa. Zile zilizowahi kubeba mafuta ya taa, petroli au dawa ya shambani zisinunuliwe hata kwa bei ya zawadi, kwa kuwa plastiki hunyonya harufu na kemikali kisha huzirudisha polepole ndani ya maji.

Hapa mji wetu unahitaji onyo la pekee. Mapipa ya buluu ya lita 200 na yale matangi ya mraba ya lita 1000 yaliyozungushiwa vyuma huuzwa kwa wingi, na mengi yalifika Katanga yakiwa na kemikali za kuchenjulia madini. Muuzaji atasema yameoshwa, na pengine yameoshwa kweli, lakini hakuna sabuni inayoweza kukuhakikishia kilichoingia katika ukuta wa plastiki. Kama huwezi kuona lebo ya kwanza ya pipa na kusoma lilibeba nini, pipa hilo ni la kumwagilia maua, si la kunywea. Tangi la mraba lina tatizo jingine hata likiwa jipya: likijaa linapita tani moja, uzito ambao trela ndogo isiyo na breki haiwezi kubeba kwa usalama kwa namna yoyote.

Bidoni zinazopitisha mwanga ziwekwe kando kwa maji ya kunawa, au zifunikwe, kwa sababu jua huotesha mwani wa kijani ndani ya siku chache.

Hatua ya tatu: kuosha na kuua vijidudu

Bidoni ya mafuta huoshwa kwa maji ya moto yasiyochemka sana, sabuni ya unga na konzi mbili za changarawe safi. Funga kifuniko, laza bidoni ubavuni, itikise kwa nguvu, igeuze upande wa pili, kisha isimamishe juu chini na kuitikisa tena ili changarawe zifike kwenye mabega na ndani ya mshiko, mahali ambapo mkono na brashi haviwezi kufika na ndipo utelezi hujificha. Mwaga, suuza, ingiza kidole shingoni na ukipitishe ukutani. Kidole kikiteleza, rudia. Harufu inayokataa kutoka hulainika kwa kulaza ndani yake maji yenye vijiko vichache vya magadi ya soda usiku mmoja. Bidoni ambayo bado inanuka baada ya hapo iwe ya kuoshea vyombo.

Baada ya kuosha ndipo javeli, yaani dawa ya maji ya klorini ya dukani, huingia. Kabla ya kupima, soma lebo, kwani javeli hazilingani nguvu. Zipo za klorini asilimia 2.6, zipo za 3.5, zipo za 5, na zile zilizoandikwa nyuzi 12 ni karibu na asilimia 3.6, kwa hiyo zihesabiwe pamoja na za 3.5. Isiwe na manukato wala rangi, na isiwe imekaa dukani mwaka mzima kwenye jua, kwa kuwa nguvu yake hufifia kwa joto na muda. Nunua duka la dawa sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano. Kipimo cha kifuniko au cha macho kimeharibu chai za watu wengi.

Kwa kusafisha chombo, jaza maji bidoni ya lita 20 na utie mililita 20 za javeli ya asilimia 5, au 30 za ile ya 3.5, au 40 za ile ya 2.6. Kwa pipa la lita 200 zidisha mara kumi. Fungua robine kidogo hadi maji yenye klorini yatoke, ili nayo na mpira wake visafishwe, kisha funga na uache hadi asubuhi. Mwaga, suuza mara mbili kwa maji safi, na uache vyombo vikauke vikiwa vimeinamishwa chini. Kosa la hatari hapa ni kuchanganya javeli na siki, maji ya betri au dawa ya choo yenye asidi ili eti iwe kali zaidi: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayoumiza mapafu.

Hatua ya nne: kujaza

Maji ya bomba yanayonukia klorini kwa mbali hayahitaji nyongeza. Shida ni kwamba katika katiye (mitaa) nyingi bomba hukauka mchana na kurudi usiku, na maji ya kwanza yanayotoka baada ya kukauka hubeba kutu na tope la mabomba. Yaache yakimbie ndani ya ndoo ya kufulia hadi yawe meupe na ya baridi, ndipo ujaze. Usitumie mpira wa bustani uliolala juani. Maji yake ya mwanzo yana ladha ya plastiki, na yale yanayobaki ndani yake ni makazi mazuri ya vijidudu.

Maji ya foraji (kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine) au ya kisima cha kawaida yatiwe klorini hata kama mwenye nyumba huyanywa bila tatizo, kwa sababu yanakwenda kukaa siku nyingi ndani ya plastiki yenye joto. Kwa bidoni ya lita 20 ya maji meupe, kipimo ni mililita 2 za javeli ya asilimia 5, au 3 za ile ya 3.5, au 4 za ile ya 2.6. Tikisa, subiri nusu saa, kisha nusa. Harufu hafifu ya klorini inaonyesha kwamba dawa imemaliza kazi na akiba imebaki. Isiposikika kabisa, rudia kipimo hicho hicho na usubiri robo saa nyingine. Maji yenye ukungu yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, na kipimo kiwe maradufu. Anayetumia vidonge vya klorini asome pakiti, kwani kuna vya lita moja na vya lita 20, na kwa macho vinafanana.

Jaza hadi shingoni. Chombo kilichojaa hakitikisiki ndani, na jambo hilo litaonekana kuwa muhimu kwenye hatua inayofuata. Kabla ya kupakia, laza kila bidoni ubavuni kwa dakika kumi juu ya sakafu kavu: ile itakayoacha doa la maji chini ya kifuniko ina tatizo la raba, na raba mpya hukatwa kutoka mpira wa tyubu iliyochakaa, ikaoshwa vizuri. Andika kwa kalamu isiyofutika herufi K kwa bidoni za kunywa na kupikia, na O kwa za kuoshea.

Hatua ya tano: kupakia trela

Hapa ndipo safari huharibikia, na ndipo inapofaa kutumia muda mwingi kuliko pengine pote. Maji ndiyo mzigo mzito kuliko yote katika trela ya kambi, kwa hiyo yapakiwe kwanza, chini kabisa, sakafuni, juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Yakiwekwa nyuma ya ekseli, mkono wa trela huinuka, gari hupoteza uzito kwenye magurudumu yake ya nyuma, na kwa mwendo wa barabara ya lami ya Likasi trela huanza kuyumba kushoto na kulia, kila yumbo likizidi lililotangulia, hadi dereva ashindwe kuirudisha. Yakiwekwa yote mbele kabisa, gari huketi nyuma, taa humulika miti na usukani huwa mwepesi. Yakiwekwa juu ya paa la gari, ambako paa nyingi haziruhusu zaidi ya kilo 75 au 100, gari hupoteza uthabiti kwenye kila kona.

Kabla ya bidoni ya kwanza kupanda, pitisha kiganja sakafuni mwa trela, polepole, ukitafuta kichwa cha boliti, ncha ya msumari au ukingo wa bati uliochomoza. Ncha ndogo isiyoonekana husugua kitako cha plastiki kwa kilomita 100 za udongo mwekundu na kukitoboa kama ncha ya bikari. Tandika zulia kuukuu au gunia nene, kisha panga bidoni zikiwa zimesimama, vifuniko juu, mishiko ikielekea upande mmoja, safu kwa safu kutoka ubavu mmoja wa trela hadi mwingine, zikigusana. Kwa bidoni 11, safu mbili za tano hutosha juu ya ekseli na mbele yake, na ile ya kumi na moja, ya matumizi ya njiani, ikae ndani ya gari nyuma ya kiti, imefungwa. Nafasi inayobaki ubavuni ijazwe kwa magodoro au magunia ya nguo, kamwe si kwa shoka, sururu au chuma cha kuchomea nyama.

Ukingo wa mbele wa mzigo uwe na ubao uliofungwa imara, kwa maana dereva akikanyaga breki ghafla kilo 200 za maji zitataka kuendelea na safari peke yake. Pitisha mikanda miwili ya kukazia yenye meno juu ya safu hizo, ikiwa imekalia ubao mwembamba badala ya vifuniko, ili mvutano ugawanyike. Kamba ya katani hukaza ikilowa na kulegea ikikauka. Mpira wa tyubu huvutika. Vyote viwili vinafaa kufunga turubai tu.

Petroli ya akiba isikae karibu na maji. Mvuke wake hupenya polepole ukuta wa bidoni za polietileni, na maji yakapata ladha hata bila tone kumwagika. Iwekwe upande wa nje, kwenye kishikizo chake, na kama hakuna kishikizo, basi kona ya nyuma kabisa mbali na safu za maji, huku ukikumbuka kwamba nayo ina uzito wa kuhesabiwa.

Mzigo ukishakamilika, pima uzito unaoangukia ndoano ya gari. Trela ikiwa kwenye ardhi tambarare, imefungwa mawe kwenye magurudumu, weka mizani ya kupimia watu chini ya kichwa cha mkono wake, na gogo fupi juu ya mizani ili kichwa kikae kwenye urefu uleule wa ndoano. Kwa trela yenye kilo 700 kwa jumla, mizani ionyeshe kati ya kilo 35 na 70, na karibu na 70 ni bora zaidi, alimradi ndoano ya gari inaruhusu. Ikionyesha kilo 20, sogeza safu moja ya bidoni mbele. Ikionyesha 110, rudisha safu nyuma. Kusogeza safu moja ya kilo 105 kwa sentimita 30 hubadilisha kipimo hicho waziwazi, na ni afadhali kutokwa jasho uani kuliko barabarani.

Mwenye tangi kubwa au pipa azingatie kanuni moja zaidi: lisafiri likiwa limejaa kabisa au tupu kabisa. Pipa lililojaa nusu lina kilo 100 zinazokimbia kushoto kwenye kona ya kulia na kukimbia mbele kwenye breki, na hakuna mkanda unaoweza kuyafunga maji yaliyo ndani. Matangi yaliyoundwa kwa magari yana kuta za ndani zinazovunja mawimbi hayo; pipa la sokoni halina.

Hatua ya sita: njiani

Tia upepo matairi ya trela kulingana na mzigo, na si kwa mazoea ya trela tupu. Simama baada ya kilomita 20 za kwanza, kaza mikanda, gusa kitovu cha kila gurudumu uone kama kina joto lisilo la kawaida, tazama chini kama kuna matone. Kwenye udongo wenye makunyanzi punguza mwendo hata kama gari lenyewe linaweza zaidi, kwa kuwa dereva hasikii kinachoipata trela. Funika mzigo wote kwa turubai, maana vumbi la kiangazi huingia chini ya vifuniko na kukaa shingoni, likingoja kuoshwa na maji ya kwanza yanayomiminwa. Ukiona shingo imekuwa nyekundu, ipanguse kwa kitambaa chenye maji ya javeli kabla ya kufungua.

Hatua ya saba: matumizi kambini

Simamisha trela kwenye tambarare, mbali na kichuguu, upande ambao kivuli kitafika alasiri. Weka bidoni moja ya K juu ya meza au juu ya ubavu wa trela, yenye robine, na hiyo peke yake ndiyo iwe wazi. Nyingine zibaki zimefungwa. Mita moja ya kimo hutoa shinikizo dogo sana, kama sehemu ya kumi ya bari, ambalo linatosha kabisa kujaza kikombe na sufuria. Pompi ya umeme wa betri ya volti 12 hutoa lita 10 au zaidi kwa dakika, maana yake bidoni nzima huisha kwa dakika mbili mikononi mwa mtoto anayecheza. Kwa safari ya chini ya juma moja, pompi ni gharama isiyo ya lazima.

Anayetoa maji katika pipa asiyanyonye kwa mdomo. Mpira safi ujazwe maji kwanza, ncha zote mbili zizibwe kwa vidole gumba, moja izamishwe ndani ya pipa na nyingine ishushwe chini ya kiwango cha maji, kisha vidole viachwe.

Kunawa mikono ndiko kunakokula maji bila kuonekana. Chukua bidoni ya lita 5, toboa tundu dogo la msumari chini kidogo ya shingo, ining'inize kwenye mti kwa mshiko wake, na ufunge kamba kutoka shingoni hadi kijiti cha kukanyaga ardhini. Mguu ukikanyaga, bidoni huinama, uzi mwembamba wa maji hutoka, na mguu ukiondoka maji hukoma. Sabuni itundikwe pembeni ndani ya soksi. Hakuna mkono mchafu unaogusa robine.

Jikoni, kazi kubwa ya kuokoa maji hufanyika kabla ya kuondoka. Sombe (majani ya muhogo) itwangwe na kuchemshwa nyumbani, lengalenga (mchicha) ioshwe na kukatwa nyumbani, maharage yalowekwe usiku wa kuamkia safari na kubebwa yakiwa yamevimba. Bukari (ugali) ikishapakuliwa, mimina kikombe kimoja cha maji ndani ya sufuria ingali moto na uifunike. Ukoko utabanduka wenyewe wakati watu wanakula, na hutahitaji lita tatu za kuukwangua. Vyombo vipanguswe kwanza kwa majani au karatasi, kisha vipite beseni la sabuni na beseni la kusuuza, maji ya beseni la pili leo yakiwa ya beseni la kwanza kesho asubuhi.

Toa bidoni kwa mpangilio: anza na za safu ya nyuma, ukichukua kushoto na kulia kwa zamu, ili trela ikihamishwa katikati ya safari uzito wa ndoano usipotee. Kila jioni hesabu zilizobaki. Bidoni mbili za akiba zisifunguliwe hadi asubuhi ya kuondoka, hata kama wengine wanaona ni ubahili.

Hatua ya nane: yakipungua kabla ya wakati

Nenda kwenye foraji ya kijiji, ya misheni au ya kituo cha afya kabla ya kwenda mtoni. Msalimu mzee wa kijiji au anayesimamia pompi, eleza haja yako, lipa kama wengine wanavyolipa, na panga bidoni zako nyuma ya zile za akina mama waliofika alfajiri. Gari na trela havikupi nafasi ya mbele. Maji hayo yatiwe klorini kwa kipimo kilichotajwa.

Ikiwa ni mto tu, uliza kwanza kama juu yake kuna mgodi, kiwanda au wachimbaji wadogo wanaoosha mawe, na jibu likiwa ndiyo au hatujui, maji hayo yasiingie sufuriani. Jibu likiwa hapana, chota mahali yanapokimbia, chuja, kisha yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja kamili. Kundelungu iko karibu na mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka huko kwa nyuzi 94 au 95 hivi, lakini dakika moja bado inatosha kwa kimo hicho. Dakika tatu ni za zaidi ya mita 2,000. Maji ya kuogea yaliyochotwa mahali palipotuama yaachwe ndani ya bidoni siku mbili kabla ya kutumika, kwa kuwa viluwiluwi vya kichocho hufa ndani ya muda huo.

Hatua ya tisa: kurudi na kuhifadhi

Bidoni zilizobaki zimejaa zirudi juu ya ekseli zikiwa zimefungwa kama mwanzo, na zilizo nusu zimwagwe kwenye mizizi ya mti au ziunganishwe hadi zijae. Upakiaji wa kurudi hufanywa kwa uchovu, na trela iliyokwenda salama hurudi ikiyumba kwa sababu makala na maji vilivyokuwa mbele vimeisha huku mbao na viazi vya kununua njiani vimerundikwa nyuma. Mizani ya kupimia watu iliyobaki nyumbani haitasaidia. Inua mkono wa trela kwa mikono yako kabla ya kuuunganisha, na kama unapanda bila jitihada yoyote, hamishia mzigo mbele.

Nyumbani, mwaga kila chombo, kisuuze kwa maji yenye javeli kidogo, fungua robine zote, na uviache siku mbili vikiinama kwenye kivuli chenye hewa hadi ndani kusiwe na tone. Vifuniko vihifadhiwe ndani ya mfuko mmoja, bila kufungwa juu ya bidoni, na raba zake zikaguliwe wakati huohuo, kwa sababu ile iliyopasuka ni rahisi kuibadilisha siku ya kurudi kuliko usiku wa kuamkia safari nyingine.